Tusimlaze kwa siri, tusimwache akeshe kwa woga

Katika misiba ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, anayefika kutoa pole hana maswali mengi. La kwanza huulizwa kwa sauti ya kawaida: aliugua muda gani? La pili huja baadaye, sauti ikiwa imeshuka, aghalabu kutoka kwa mama ambaye naye alikwisha kuuguza: alisumbuka? Jibu la swali hilo hukaa ndani ya nyumba kwa miaka. Wafiwa husahau nani alichanga kiasi gani na nani hakufika mazikoni. Hawaisahau mikesha ile ambayo mzee alihema kama mtu anayezama, wala sauti ya mama akiomba kifo mbele ya wajukuu. Na ikitajwa kwamba siku ya mwisho alichomwa sindano, akalala na hakuamka tena, mkeka mzima hunyamaza. Hakuna anayetamka neno, lakini kila mmoja amebaki na lake moyoni: walimsaidia, au walimmaliza?

Kimya hicho ndicho ninachotaka kukivunja. Msimamo wa makala haya ni kwamba kumlaza usingizi mgonjwa aliye katika siku au saa zake za mwisho, ambaye taabu yake imeshindikana kutulizwa kwa njia nyingine, ni tiba halali na ni tendo la huruma. Lakini uhalali huo una masharti, na la kwanza ndilo linalotuumbua sisi watu wa milimani: huwezi kusema taabu imeshindikana kutulizwa kama hukujaribu kuituliza. Usingizi ni kidato cha mwisho cha ngazi. Anayemrusha mgonjwa hadi huko bila kupita vidato vya chini amekosea, na anayemwacha chini akilia kwa kuiogopa ngazi nzima amekosea zaidi.

Nusu kaputi na sindano ya utulivu

Sehemu ya hofu imo ndani ya neno lenyewe. Dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji watu wameizoea kwa jina la nusu kaputi, na mji wa Lushoto, uliowahi kuitwa Wilhelmstal chini ya Wajerumani, hauhitaji kukumbushwa kaputt ni lugha ya nani. Aliyepigwa nusu kaputi, kwa mantiki ya jina, ameharibika nusu. Waswahili nao walikwisha kusema kwamba usingizi ni nduguye mauti. Sasa mgonjwa ambaye tayari yuko mlangoni pa kaburi akiongezewa nusu nyingine, nani atashindwa kujumlisha?

Hesabu hiyo ina kosa. Kinachofanyika kwa mgonjwa wa siku za mwisho hakifanani na maandalizi ya kisu. Dawa inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni midazolamu, ndugu wa diazepamu ambayo wengi wanaijua kwa kutuliza degedege. Hutolewa kidogo kidogo, muuguzi akiutazama uso, akihesabu pumzi, akingoja aone taabu inashuka kiasi gani kabla ya kuongeza. Wakati mwingine unaopatikana ni usingizi mwepesi, mgonjwa akiitwa jina anafumbua macho. Wakati mwingine ni wa saa chache, apumzike usiku na kuamshwa asubuhi. Kwa wachache ni usingizi mzito unaoendelea mpaka mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachotafutwa ni utulivu. Kikijaa, mkono unasimama.

Wala si kila anayekufa anahitaji dawa hiyo. Wengi, wakipata huduma nzuri, hufariki bila kuihitaji. Inayozungumzwa hapa ni taabu ya aina yake: saratani ya mapafu inayomfanya mtu akabwe na pumzi yake mwenyewe, kuweweseka kunakomfanya apigane na wanawe asiowatambua tena, maumivu ya mifupa yasiyosikia dawa, damu inayotoka ghafla bila kuzuilika. Kuchoka kuishi kwa sababu ya umaskini hakumo katika orodha. Kujiona mzigo kwa watoto hakumo pia. Hayo yana dawa zake, na hazipatikani kwenye bomba la sindano.

Anayeua na anayetuliza

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba huku ni kuua kwa kupitia mlango wa nyuma. Hebu tulijibu kwa kutazama kinachotafutwa. Uholanzi na Ubelgiji, tangu mwaka 2002, sheria zao zinamruhusu daktari, kwa masharti, kukatisha uhai wa mgonjwa aliyeomba mwenyewe. Huko dawa hutolewa kwa kipimo cha kuua, na kazi huhesabika imekamilika mgonjwa anapofariki. Katika usingizi wa kutuliza, kazi huhesabika imekamilika uso unapolegea. Mgonjwa akiishi siku tano zaidi akiwa ametulia, hakuna aliyeshindwa. Nchi hizohizo zinazoruhusu jambo la kwanza zinalitenga na la pili, kila moja na taratibu zake. Basi sisi, ambao sheria yetu hailiruhusu la kwanza kabisa, tuna sababu gani ya kuyachanganya?

Nia pekee haitoshi. Mwenye shaka atataka ushahidi. Upo. Mwaka 2009 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 518 wa siku za mwisho, baadhi waliolazwa usingizi na baadhi ambao hawakulazwa. Nusu ya waliolazwa waliishi siku 12 au zaidi. Kwa wasiolazwa, nusu walifikia siku 9 au zaidi. Mwaka 2015 mapitio ya mtandao wa kitabibu wa Cochrane yalikusanya tafiti 14 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000, na hayakuona dalili kwamba usingizi uliharakisha vifo. Mkosoaji makini atasema hakuna hata utafiti mmoja kati ya hizo uliowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na atakuwa amesema kweli. Lakini nani atarusha shilingi ili kuamua yupi aachwe akikabwa na pumzi? Ushahidi wa namna hii ndio tunaoweza kuupata bila ukatili, na wote unaelekea upande mmoja: kinachomuua mgonjwa huyu ni ugonjwa wake.

Wazee wa Usambara walikuwa na fikra inayosaidia hapa. Kwa Wasambaa wa enzi za watawala wa Kilindi kule Vuga, uwezo wa mtawala juu ya mvua ulikuwa mmoja, lakini uliweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, au kubana shi, kuiharibu. Mvua ni ileile. Kilichotofautisha ni aliyeishika, anaishikia nini, na amepatana vipi na watu wake. Dawa nayo iko hivyo. Panga linalofyeka shamba la ndizi ndilo linalojeruhi, na hatujawahi kulipiga marufuku panga. Tunamuuliza aliyelishika alikuwa anafanya nini.

Ngazi isiyo na vidato vya chini

Hata hivyo, mjadala huu unaoletwa kutoka nchi tajiri unaanzia ghorofani. Huko swali ni lini mgonjwa aliyekwisha kupewa kila kitu alazwe usingizi. Ufaransa, kwa mfano, tangu mwaka 2016 ina sheria inayompa mgonjwa wa aina hiyo haki ya kulazwa usingizi mzito hadi mwisho. Huku kwetu swali linaanzia chini. Mwaka 2017 jopo lililoundwa na jarida la Lancet lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa kali za maumivu za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo wakati huo, ziliambulia tani 0.1. Hizo ni kilo 100. Dunia inagawana pipa, sisi tunalamba kifuniko.

Wala si kwamba dawa yenyewe ni ya ajabu au ya gharama. Mwaka 1993 daktari Mwingereza Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na morfini iliyotumika huko ni unga unaochanganywa na maji na kunywewa kama dawa ya kikohozi, kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 Uganda ikaenda mbali zaidi na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa ilitambua kwamba kumngoja daktari kijijini ni kungoja embe chini ya mnazi. Hapa nchini Taasisi ya Saratani Ocean Road huandaa morfini ya maji. Hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zimekuwa na programu za tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na taabu. Na chini kabisa ya Usambara ya Mashariki, katika Hospitali Teule ya Muheza, ilizaliwa huduma ya kuwatunza wagonjwa wa siku za mwisho iliyowafuata hadi majumbani. Ujuzi, basi, haukosekani Tanzania.

Kinachokosekana ni ujuzi huo kufika kitandani. Mchukue mgonjwa wa Mtae, ukingoni mwa milima. Ili afike hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, atapita Lushoto mjini, ateremke kona za Soni hadi Mombo, kisha Korogwe, kisha Muheza, ndipo Tanga. Kila kona ni mfupa unaogongwa. Mwenye kumsindikiza ni binti au mkaza mwana aliyeacha kabichi na karoti zikingoja gulio na watoto wakingoja uji. Ng'ombe aliyebaki ameuzwa kwa ajili ya nauli. Na baada ya yote hayo, wengi hurudishwa nyumbani na kauli moja: mpelekeni akapumzike. Apumzike kwa nini, kama amepewa panadoli? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaosema mgonjwa avumilie wamelala kingine.

Hapa ndipo maadili yanapobana pande zote mbili. Kumlaza mtu kwa sababu chupa ya morfini haikufika ni kuficha uhaba nyuma ya usingizi. Anayepaswa kutulizwa maumivu huku akizungumza na wanawe ananyimwa mazungumzo hayo kwa uzembe wa mnyororo wa ugavi. Lakini tugeuze upande wa pili. Mgonjwa aliye kitandani usiku huu, morfini haipo na haitafika kabla ya alfajiri, je, tumnyime na usingizi ili tubaki safi katika nadharia? Hapana. Yeye hakuvunja mnyororo, na si haki alipe kwa mwili wake. Atulizwe kwa kilichopo. Ila daktari aandike kwenye faili, kwa maneno yanayosomeka, kwamba kilichotushinda usiku huu ni uhaba wa dawa, wala si ukali wa ugonjwa. Faili za namna hiyo zikirundikana, mganga mkuu wa wilaya atakuwa na jambo la kujibu, na baraza la madiwani litakuwa na jambo la kuuliza.

Shahada, sala na uji

Pingamizi la pili hutoka misikitini na makanisani, na Lushoto ni nchi ya vyote viwili. Mwislamu hutamani kauli yake ya mwisho iwe shahada, na jamaa humlakinia anapoingia sakarati. Mkristo hutamani kuungama, kupakwa mafuta, kupokea chakula cha Bwana akiwa na fahamu. Je, sindano haitaiba saa hiyo kuu? Tena kuna wanaoamini kwamba mateso ya mwisho hufuta madhambi, kwa hiyo kuyaondoa ni kumnyang'anya mja fungu lake.

Hoja hii isibezwe. Inatuambia kitu ambacho tiba mara nyingi hukisahau, kwamba fahamu ni mali ya mgonjwa na haiondolewi kwa wepesi. Papa Pius XII, alipowajibu madaktari wa usingizi mwaka 1957, alisema hayohayo: mgonjwa asinyimwe fahamu bila sababu nzito, na apewe kwanza nafasi ya kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa familia. Lakini palepale alikubali kwamba dawa ya kutuliza inaruhusiwa hata kama ingeweza kupunguza siku, ilimradi nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Katika fikihi, kanuni kwamba mambo hupimwa kwa makusudio yake ni ya msingi, sawa na ile ya kwamba madhara huondolewa, na kwa wanazuoni wengi kutafuta tiba hakuhesabiwi kuwa ni kukosa subira. Kwa hiyo dini hazikatazi; zinadai mpangilio. Aitwe shehe au mchungaji mapema. Wosia uandikwe, deni litajwe, aliyekosana naye aletwe. Na tuulizane kwa ukweli: mtu anayepigania pumzi, asiyemtambua mwanawe, ana nafasi gani ya kutamka shahada? Mara nyingi ni utulivu ndio unaomrudishia ulimi.

Lipo na suala la uji, ambalo wanafalsafa hulipita upesi lakini ndilo linalovunja familia. Mgonjwa akilala hali wala hanywi, na kwetu kumlisha mtu ndiyo kumpenda. Dada mkubwa atasema: mmemuua kwa njaa. Familia inapaswa kuelezwa kabla, si baada, kwamba mwili unaofunga kazi zake huacha wenyewe kuhitaji chakula, na kijiko cha uji kwa asiye na fahamu huingia mapafuni na kumkaba. Kulowesha midomo kwa pamba yenye maji, kumgeuza upande asichubuke, kumpaka mafuta, kumshika mkono na kusema naye hata asipojibu: huko nako ni kulisha.

Wenye haraka na mirathi

Pingamizi la tatu ni la watu wanaozijua familia. Watasema: mkifungua mlango huu, ataingia mwenye haraka na shamba. Ataingia mwana aliyechoka kuuguza. Ataingia mhudumu anayetaka kitanda kiwe wazi. Hofu hii ina mifano. Uingereza, katika hospitali ya Gosport War Memorial, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba wagonjwa 456 walifupishiwa maisha kwa dawa kali za jamii ya morfini zilizotolewa bila sababu ya kitabibu, kati ya mwaka 1989 na 2000. Ikiwa nchi yenye kumbukumbu na wakaguzi wa kila namna ilichukua miaka mingi kuliona hilo, sisi tutaliona lini?

Lakini Gosport inatufundisha nini hasa? Iliua kwa sababu dawa zilitolewa kwa watu ambao hazikuwahusu, kwa vipimo visivyo na sababu, na familia zilipouliza hazikusikilizwa. Siri ndiyo iliyoilea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hospitali inayoficha dawa iko vivyo hivyo. Kinga ni kuliweka jambo mwangani: wataalamu wawili wakubaliane kwamba mgonjwa yuko mwishoni na kwamba njia nyingine zimeshindwa, sababu, kipimo na saa viandikwe, mgonjwa aulizwe mapema angali na kauli, na uamuzi wa familia usiwe wa mtu mmoja, hasa anayerithi. Mambo haya hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanahitaji kalamu, kiti na nusu saa ya mazungumzo.

Sheria nayo inadai uwazi huohuo. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 203, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama aliharakisha tu kifo cha mgonjwa ambaye angekufa kwa ugonjwa wake. Tabibu anayekisoma kifungu hicho peke yake usiku wa manane ataufunga mkono wake, na kibinadamu huwezi kumlaumu. Lakini dawa iliyopimwa kwa taabu, ikaongezwa kidogo kidogo na kuandikwa, haionyeshi kuharakisha kitu. Wizara na mabaraza ya kitaaluma yanapaswa kumhakikishia hilo kwa mwongozo mfupi, wa Kiswahili, uliobandikwa wodini. Bila hivyo woga wa sheria utaendelea kumkesheza mgonjwa, na tabibu anayejiamini kupita kiasi ataendelea kulaza wagonjwa kimyakimya.

Somo la matuta

Milima hii yenyewe ina somo kuhusu jambo jema linalofanywa bila maelewano. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara, kuanzia bonde la Mlalo, kulima kwa matuta ili kuokoa udongo. Kitaalamu hoja ilikuwa na maana. Lakini ililetwa kwa amri na faini, watu wakaipinga mpaka mpango ukafa. Kilichoonekana kuwa tiba kwa mtawala kilionekana kwa mkulima kuwa hila ya kumpokonya shamba. Miongo kadhaa baadaye, hifadhi ya udongo ilirudi Lushoto kupitia miradi iliyokaa na wakulima, na leo wanaopita Soni na Lukozi wanayaona matuta ambayo hakuna askari aliyeyasimamia.

Usingizi wa mwisho uko katika hatua ileile ya njia panda. Ukitolewa kama amri ya koti jeupe, bila kusemwa, utabaki kuwa nusu kaputi ya kutisha na kila msiba utazaa tuhuma. Ukikataliwa wote, tutaendelea kuwaacha wazee wetu wakifa kwa kelele huku tukiita huo ni uvumilivu. Mazungumzo yaanze kabla ya usiku wa mwisho: kwenye zahanati, kwenye vikao vya wahudumu wa afya wa jamii, kwenye hotuba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili. Na yaanzie kwenye morfini, kwa sababu familia iliyoona maumivu yakitulizwa hatua kwa hatua itakielewa kidato cha mwisho kikifika. Isiyoona chochote zaidi ya panadoli, siku ikiiona sindano, ina haki ya kuuliza mlikuwa wapi siku zote.

Swali la yule mama msibani halitakoma, wala lisikome. Alisumbuka? Lijibiwe kwa sauti ya kawaida, kama linavyojibiwa lile la kwanza: ndiyo, alisumbuka; tulipewa dawa, zikafika mahali zikashindwa; tulikaa naye tukaelewana; alisali, akatuaga, akalazwa. Familia inayoweza kuyasema hayo mbele ya mkeka mzima haina cha kuficha, na hospitali iliyoiwezesha kuyasema haina haja ya wakili.